Mke wa Pili wa Sajini

Uvumi ulimkuta Kurunzi kichwa kikiwa kwenye beseni la saluni, povu likimchuruzikia masikioni, na tangu dakika ile ukamganda kama gundi.

"Eti wale watoto wanaooana Jumamosi ijayo ni damu moja," msusi alisema, akimsugua kama anayesugua sufuria. "Babu yao mmoja. Karani wa ndoa kaona vyeti kwa macho yake. Na aliyeniambia si mpita njia. Ni shangazi yake bwana harusi mwenyewe, alikaa kiti hicho hicho ulichokalia."

Kurunzi si jina alilopewa na wazazi wake. Ni la mtaani, alilibeba tangu akiwa mpelelezi wa polisi, kwa sababu akikumulika unajikuta unasema hata ambalo hukuulizwa. Sasa alikuwa amestaafu na kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu ndugu zao ndani ya makaratasi ya serikali: warithi waliopotea, baba wasiojulikana, askari waliozikwa mbali. Uvumi kama ule kwake ulikuwa kama upele. Alirudi nyumbani akabandika chai, akaisahau ikakauka. Akafagia uwanja uliokwisha fagiliwa. Akachungulia barabarani. Hakukalika.

Mchana mlango uligongwa. Alikuwa mama yake bibi harusi, fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye watu wote humwita Fundi. Sindano ilikuwa bado imechomekwa kwenye kola ya gauni lake, uzi ukining'inia.

"Dada Kurunzi, mimi nimekwisha."

"Kaa kwanza."

"Sikai. Nikikaa nitalia, na nikilia sitasema."

Basi wakaongea wamesimama. Fundi alitandaza mezani vyeti viwili vya kuzaliwa. Kimoja chake mwenyewe, kingine nakala ya cheti cha baba yake bwana harusi. Vyote vya hospitali moja ya jeshi. Mahali pa jina la baba, vyote viliandikwa mtu mmoja, sajini.

"Mimi natumia jina la mume wangu tangu niolewe, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka siku ya posa," Fundi alisema. "Tumekula, tumecheka, tumeitana wakwe. Juzi tumepeleka vyeti kwa karani wa ndoa, akatazama kimoja, akatazama kingine, akavua miwani."

"Majina ya wanajeshi wa zamani yanafanana kama sare zao. Usihukumu kwa jina."

"Tazama chini yake."

Kurunzi akatazama. Hospitali ile ilikuwa na utaratibu wake: chini ya jina la baba huandikwa namba yake ya jeshi. Na namba ya jeshi haina pacha. Zilikuwa zilezile, tarakimu kwa tarakimu. Maana yake, baba yake bwana harusi alikuwa kaka yake Fundi. Na kwa familia zote mbili wajukuu wa babu mmoja hawaoani. Hilo halikuwa na mjadala.

"Kipimo cha vinasaba je?"

"Nimeuliza. Majibu ni miezi. Karani kasema nikimletea maelezo ya maandishi kabla ya Ijumaa atafungisha, nisipoleta hafungishi. Binti yangu kajifungia chumbani, simu ya mwenzake inalia tu haipokei. Anasema, mama, kama nimembusu kaka yangu niambie nijue."

Kurunzi alikuwa ameshachukua mkoba wake. "Huyo sajini, wewe ulimjua?"

"Nilimjua, kwa nini nisimjue? Alikuwa baba yangu. Alikuja na mkate kwapani, sare imepigwa pasi mpaka inakata. Ananisimamisha mlangoni anatazama nimerefuka kiasi gani. Mama alisema anaishi kambini, kazi haimruhusu. Nilipoanza darasa la tano akahamishwa mbali, mama naye akafa, nikalelewa na jirani. Basi."

"Alikuwa analala kwenu?"

Fundi alisita. "Hapana. Hata siku moja. Chai alikunywa akiwa kwenye ngazi ya nje."

Kurunzi alifunga zipu ya mkoba.

*

Masjala ya jeshi ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya dawa ya mende, kaunta imezungushiwa waya. Karani wake alikuwa mzee mwenye sweta na joto lote lile.

"Mnamtafuta nani?"

"Marehemu baba yangu," Fundi akasema, akasukuma cheti chini ya waya.

Karani alikagua cheti chake, akakigeuza, akakirudisha. "Binti wa marehemu. Una haki ya kuona faili, huna haki ya kutoka nalo. Huyu mwenzako?"

"Macho yangu," Fundi akajibu. "Mimi niliishia la saba, mzee. Haya maandishi yenu ya vifupisho siyawezi."

"Hata sisi hatuyawezi," karani alisema, akaenda kulileta.

Kurunzi alilisoma faili akiwa amesimama, mguu mmoja ukigonga sakafu. Alianza nyuma kuja mbele, kama alivyofundishwa, kwa sababu ya mwisho huandikwa na mtu asiye na sababu ya kuficha ya mwanzo. Kustaafu. Uhamisho. Nidhamu, safi. Kisha ukurasa wa familia.

Mke wa kwanza, jina. Mke wa pili, jina. Chini ya mke wa pili, mtoto mmoja wa kike.

Jina la mke wa pili lilikuwa la mama yake Fundi. Mtoto alikuwa Fundi.

"Basi," Fundi alinong'ona. Alishika waya wa kaunta kwa vidole vyote. "Imekwisha. Nikamwambie mwanangu avue pete."

"Hujamwambia kitu. Karatasi moja ni shahidi mmoja, na mashahidi nimewaona wengi wakidanganya wakiwa wamesimama wima." Kurunzi aliweka kidole penye safu ya mwisho. "Mzee, hizi ni namba za nini?"

"Nyumba. Kota alizokaa."

"Mke wa kwanza kota hii. Wa pili hii. Si mstari mmoja."

"Hiyo ya kwanza ni mstari wa masajini. Ya pili," karani aliinama, "mstari wa nyuma. Kota za makoplo."

"Enzi zile sajini alipewa nyumba mbili?"

Karani alicheka mpaka akakohoa. "Mama, enzi zile meja aliomba moja akapewa ahadi!"

"Basi mke wa sajini anafanya nini kwenye nyumba ya koplo?"

Kicheko kikakatika. Karani alisema rejista ya nyumba ni ya kambi, si ya marehemu, haionyeshwi raia. Kurunzi hakubishana.

"Sikuombi unionyeshe. Iangalie wewe, mwenye ruhusa. Kisha uniambie jambo moja tu, kabla huyu mama hajaingia humo kama mke wa sajini, nyumba ilikuwa na nani?"

Mzee alipotea nyuma ya makabati. Fundi alianza kutembea, dirisha mpaka mlango, mlango mpaka dirisha. Kurunzi naye akatembea upande wake. Wakawa wanapishana kama walinzi wa geti.

Karani alirudi na uso tofauti.

"Alikuwepo koplo mmoja, dereva. Alikufa kwa ajali ya lori, Machi ya mwaka huo huo. Na mkewe..." Alimtazama Fundi. "Mkewe jina ni hilo hilo la mama yako. Hakuhamia pale, binti. Alikuwemo tayari. Aliyebadilika ni mume, tena kwenye karatasi."

Kurunzi akamshika Fundi kiwiko, akazungumza polepole kama anayepanga vyombo.

"Sikiliza. Askari akifa, mjane anarudisha ufunguo wa kota. Hata hospitali ya kambi haimpokei tena, maana hana mtu jeshini. Wewe umezaliwa Julai. Koplo kafa Machi. Mama yako alikuwa na tumbo, na pa kwenda hana. Njia ya kubaki ni moja, aandikwe mke wa askari mwingine."

"Lakini huenda sajini alimchukua kweli," Fundi alisema. "Huenda hata kabla koplo hajafa. Wanaume, dada!"

"Huenda. Ndiyo maana bado sijakupongeza." Kurunzi alifungua ukurasa wa vituo. "Mtoto wa Julai anaingia tumboni Oktoba. Oktoba sajini alikuwa wapi? Mpakani. Kapelekwa Juni, karudi Machi, tena karudi akisindikiza maiti ya huyo huyo koplo. Dereva ndiye aliyekuwa akipeleka vyakula mpakani na kurudi kambini kila mwisho wa mwezi. Mwenye nafasi ya kuwa baba yako ni..."

Kidole kilikuwa kimesimama.

"Nini?" Fundi aliuliza. "Dada, nini?"

"Likizo ya dharura. Oktoba."

Halafu Kurunzi akalisukuma faili kwenye kaunta, akamshukuru mzee, na kabla Fundi hajapata kuuliza tena, walikuwa barabarani wakitembea haraka kuelekea ofisi ya vizazi na vifo.

"Sababu ya likizo imeandikwa kufiwa na mama," Kurunzi alisema akihema. "Kama ni kweli, kuna cheti cha kifo, na cheti cha kifo kina mtu aliyetoa taarifa, na mtoa taarifa anasaini kwa mkono wake, mahali alipo, siku aliyopo. Kama hakuna cheti, basi sajini aliaga anakwenda kuzika akaenda kwingine, na mimi na wewe tutakaa chini tulie."

Ofisi ile ilikuwa karibu kufungwa. Msichana wa dirishani alikuwa ameshabeba mkoba wake. Kurunzi alimwambia, "Mwanangu, huyu mama ana harusi ya bintiye au hana. Jibu liko kwenye kabati lako." Msichana akashusha mkoba.

Cheti kilikuwepo. Mama yake sajini alifia wilayani kwao, upande wa pili kabisa wa nchi, mbali na mpaka na mbali na kambi. Mtoa taarifa, mwanawe, sahihi yake imelalia kushoto kama kwenye faili. Siku aliyosaini ilikuwa katikati ya likizo. Kwa treni za wakati ule, kwenda na kurudi kulimeza siku zote zilizobaki. Kambini asingeweza kupita labda aote mbawa.

"Sasa?" Fundi aliuliza.

"Sasa karani wa ndoa atasema haya ni mahesabu. Anataka kiapo cha mtu aliye hai aliyeona. Na aliye hai ni mmoja, mke wa kwanza."

*

Bibi yake bwana harusi alikaa kwa bintiye, yule shangazi wa saluni. Walipofika asubuhi, Shangazi aliziba mlango kwa mwili wake wote, na haukuwa mwili mdogo.

"Mmekuja kumfukua baba yangu? Mama yako hakutosheka kumchukua akiwa hai?"

Fundi alirudi hatua moja. Kurunzi alisogea mbele.

"Dada, tumekuja kumsalimia bibi. Ukitufukuza, tutamsalimia kwa sauti kutoka hapa barabarani, na majirani zako wana masikio."

Shangazi alipisha, akifyonza.

Bibi alikuwa dirishani akichambua mchele kwenye ungo. "Shikamoo, bibi," wakasema kwa pamoja. "Marahaba, wanangu," akajibu bila kuinua macho. Kurunzi hakumuuliza kama mumewe alikuwa na mke mwingine. Maswali ya aina ile humpa mtu nafasi ya kufunga mlango. Aliuliza, "Bibi, ule ufunguo wa kota ya koplo, ni nani aliyekataa urudishwe?"

Vidole vikasimama ndani ya mchele.

"Nani kakwambia habari za ufunguo?"

"Hakuna. Nyumba ndiyo imeniambia."

Bibi alimtazama Fundi kwa muda mrefu. "Nilikujua siku ile ile ya posa," akasema. "Una paji la uso la Koplo. Nikasema moyoni, kumbe Mungu kawarudisha kwetu."

"Mama, unasema nini?" Shangazi aliuliza.

"Nyamaza, nimeanza." Alisukuma ungo pembeni. "Mama yako alikuwa na tumbo hivi. Ofisa wa nyumba akaja siku ya tatu ya msiba, akasema mwisho wa mwezi ufunguo uwe mezani kwake. Kwao hana mtu. Mume wangu kila siku anarudi na huzuni, Koplo alikuwa rafiki yake. Nikamwambia, huzuni haipangishi nyumba, mwandike. Akasema kambi nzima itanicheka, watasema kaoa mke wa rafiki yake hata udongo haujakauka. Nikamwambia wanaocheka watachoka. Mimi ndiye niliyemsukuma mpaka ofisini. Na Julai mimi ndiye niliyekushika wewe mwanzo, mama yako amelala hoi."

"Hakuwahi..." Shangazi alianza.

"Hakuwahi. Hata chai alikunywa nje, ili hata kipofu asiwe na la kusema."

"Na miaka yote hii umeacha watu wamwite baba mzinzi?"

"Watu hawakumwita. Umemwita wewe, juzi, saluni."

Shangazi alikaa kwenye kochi kama gunia lililokatwa kamba.

"Kwa nini hukusema, bibi?" Kurunzi aliuliza. "Siku zote hizi watoto wanaumia."

"Tuliapizana, mimi na mama yake. Mtoto asijue kwamba aliingia duniani baba yake akiwa ameshatoka. Akifika umri, mama yake ndiye atakayemwambia. Mama yake akawahi kufa. Mume wangu naye aliogopa, kudanganya jeshi ni kesi. Na wiki hii," akamwonyesha bintiye kwa kidevu, "nilikuwa nangoja mtu aniulize. Wote walikuwa wanapiga kelele sebuleni, mimi huku wananiletea uji."

Fundi akasema, "Kwa hiyo yeye si baba yangu."

Bibi akasogea, akampa nafasi ya kukaa karibu yake.

"Koplo alikuwaje?" akauliza tena.

"Mfupi. Mweusi wa kung'aa. Akiendesha lori anaimba mpaka mlinzi wa geti anajua nani anakuja kabla hajamwona."

Fundi aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia.

*

Alhamisi waliingia wote wanne kwa karani wa ndoa, ambaye pia ndiye msajili wa vizazi. Bibi alitia dole gumba kwenye kiapo chake. Shangazi alimshikia kidau cha wino. Msajili alisoma barua ya masjala yenye mhuri kuhusu nyumba ya koplo, cheti cha kifo cha mama yake sajini, nakala ya ukurasa wa vituo. Kisha akamgeuzia Fundi karatasi ya mwisho.

"Ukisaini hapa, jina la sajini linaondoka kwenye cheti chako na la koplo linaingia. Likiondoka halirudi. Si mtoto wake tena, kwa sheria, hata kwa kuandikwa kwenye kaburi lake."

"Na nisiposaini?"

"Basi bwana harusi ni mtoto wa kaka yako, na mimi sifungishi."

Fundi alishika kalamu. "Ungenipa hata siku mbili za kumlilia," alisema, na haikujulikana alikuwa akimwambia nani. Nje ya mlango wa kioo bintiye alikuwa ameegemea ukuta, bwana harusi hatua chache kutoka kwake, wanaogopa hata kushikana mikono. Fundi aliwatazama. Kisha akainama akasaini kwa mwandiko wake wa shule ya msingi, herufi moja moja, kubwa, zilizosimama wima.

Kalamu hakuirudisha. Aliomba karatasi tupu. Msajili akampa, akidhani amekosea kitu. Fundi aliandika amesimama, ameegemea kaunta, akifuta jasho, na alipomaliza akampa Kurunzi.

"Nikagulie, dada. Nataka mwanangu apewe kabla hajaapa kesho kutwa. Na wewe ukipata mteja mwingine mwenye balaa kama langu, msomee."

Kurunzi alisoma. Hakuona pa kusahihisha.

*Usimwandike mtoto kwa jina la asiye baba yake, hata kwa huruma.*

*Ukimwandika, usife hujamwambia. Usiseme atakuwa mkubwa kwanza. Kufa hakungoji.*

*Usingoje wiki ya harusi kutoa vyeti. Vitoe siku ya posa, msome pamoja, wazee wakiwa wameketi.*

*Usiamini karatasi moja.*

*Usipeleke habari ya ndugu yako saluni kabla hujaipeleka kwa mama yako.*

*Usimwachie bibi uji ukaondoka. Kaa, muulize.*

*Usimwambie mtoto wako avue pete kabla hujafika mwisho wa faili.*

*Usiape na mwenzako kuficha jambo ambalo atakayeumia ni mtu wa tatu.*

*Usimwonee haya aliyekuletea mkate kwa sababu jina lake limefutwa. Mwite baba, hata kama serikali imekataa.*